Semina ya mjini au mafunzo ya kituoni: mkunga ajifunze wapi kumkagua mtoto mchanga?

Mwezi uliopita mkuu wa kituo kimoja cha afya cha ngazi ya tatu, huku Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, alinipigia simu. Ana wakunga watatu. Alikuwa ameletewa barua ya semina ya siku tano Mbarara, nafasi moja, nauli na malazi juu ya waandaaji. Juma hilohilo wilaya ikamwambia anaweza kupata mkunga mlezi, yaani mkunga mzoefu atakayekuja kituoni kila baada ya wiki mbili na kufanya kazi bega kwa bega na wenzake. Kwa jinsi zamu zake zilivyobana, hawezi kubeba vyote viwili mwaka huu. "Sista, nichague kipi?"

Nilimjibu bila kusita: mlezi. Akaniuliza kwa nini, tukaongea hadi salio likaisha. Nimepita kwenye njia hizi kama mwanafunzi na baadaye kama mfundishaji, na ninajua si yeye peke yake mwenye swali hilo, kwa hiyo naandika hapa yale niliyomwambia na yale ambayo simu ilikatika kabla sijayafikia.

Kwanza tujue tunalinganisha mafunzo ya nini. Kumkagua mtoto mchanga si kumweka kwenye mizani na kuandika "mzima". Ni kumtazama mtoto aliyevuliwa nguo, chumbani mwenye joto, kuanzia utosini hadi unyayoni, mbele na nyuma. Unahesabu pumzi, unasikiliza moyo, unapapasa tumbo, unatazama ndani ya kinywa, unamgeuza na kufuata uti wa mgongo kwa kidole. Hufanyika baada ya ile saa ya kwanza ya ngozi kwa ngozi, mtoto akishanyonya, na hurudiwa kabla mama hajaruhusiwa. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita.

Kwa Uganda jambo hili ni la uhai. Utafiti wa kitaifa wa watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 22 hufa kabla ya kutimiza siku 28. Mwaka 2016 walikuwa 27, kwa hiyo tumesogea. Lakini vifo vya watoto wote wa chini ya miaka mitano vilikuwa 52 kwa kila 1,000, maana yake zaidi ya viwili katika kila vitano vinatokea katika mwezi ule wa kwanza, wakati mtoto bado anapita mikononi mwetu au anatakiwa kupita.

Wapo wanaouliza kama kazi hii si ya daktari. Huko Uingereza walibishana hivyo kwa miaka mingi. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha wakunga waliosomea ukaguzi huu na madaktari vijana, ukaona wakunga hawakuwa nyuma, na akina mama waliridhika zaidi walipokaguliwa watoto wao na mkunga. Tangu 2019 viwango vyao vinamtaka kila mkunga anayehitimu awe anaiweza. Kwetu, katika kituo cha ngazi ya tatu, hakuna daktari wa kubishana naye. Saa tisa ya usiku yupo mkunga, mama, mtoto na tochi.

Ila kuna jambo la kuangalia kabla hata hujachagua njia: mtaala umetoka wapi. Ukaguzi wa Uingereza umejengwa juu ya mambo manne, macho, moyo, nyonga na korodani. Nimewahi kukaa kwenye mafunzo ambayo nusu siku nzima ilikwenda kwenye nyonga. Nyonga iliyoteguka ni nadra kwa watoto wa Kiafrika, na kubebwa mgongoni miguu ikiwa imepanuka kunatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Sisemi nyonga isifundishwe. Nasema nusu siku ile ningeipa kuhesabu pumzi, kutambua manjano kwenye ngozi nyeusi, kaakaa, mgongo, miguu na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo yeyote anayekuletea mafunzo, mwombe ratiba, uone saa zinakwenda wapi.

Semina inatoa nini

Sitaki kuidharau semina. Inakutoa kwenye zamu, na kwa siku tano hakuna anayekuita leba. Mnasoma mwongozo mmoja, mnatumia maneno mamoja, na unakutana uso kwa uso na wale wanaopokea wagonjwa unaowapa rufaa. Mimi namba za simu nilizochukua kwenye semina moja zimenisaidia kuliko kitabu chake.

Na lipo somo moja ambalo semina inalifanya vizuri kuliko njia nyingine zote: kumsaidia mtoto asiyepumua. Hilo huwezi kujifunzia kwa mtoto halisi. Lazima uwe na mdoli kama NeoNatalie, unaujaza maji ili uwe na uzito wa mtoto, unabana mfuko na barakoa na kuona kifua kikipanda au kikikataa kupanda. Unarudia mara ishirini hadi mkono uzoee.

Ukaguzi ni kitu kingine. Mdoli hauna manjano. Haupoi miguu. Haupumui haraka kwa sekunde tano kisha ukatulia. Kwenye semina unaonyeshwa picha ukutani, na picha imekwisha kuchaguliwa: ugonjwa umo, tena katikati, tena kwenye mwanga mzuri. Kazi ngumu ya mkunga ni kukumbuka kutazama pale ambapo hakuna mtu aliyemwonyesha.

Nitasema lililonipata. Nilirudi kutoka semina na cheti, nikakibandika. Katika wiki ya tatu nilimpokea binti wa mama mmoja kutoka Kongo, kilo 2.9, analia vizuri, ananyonya. Nilimpima joto, nikahesabu pumzi, nikapapasa tumbo. Mama akaniambia ameshatoa kile kinyesi cheusi, nami nikakiona kwenye kitenge. Nikaandika kwenye fomu kwamba njia ya haja kubwa ipo. Siku ya tatu akarudishwa tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, anakataa titi, anatapika kijani. Nilipomlaza karibu na dirisha na kumfungua miguu, tundu halikuwepo. Pale penye tundu palikuwa na ngozi laini tu yenye kishimo. Kile kinyesi kilikuwa kimepita kwa kijinjia chembamba upande wa mbele, karibu na uke.

Tulimpa rufaa, wakamfungulia njia ya muda tumboni, akapona. Lakini siku zile tatu ni zangu mimi. Na kinachoniuma ni kwamba swali hilo lilikuwepo kwenye mtihani wa semina na nililipata. Nilijua. Ila hakuna aliyewahi kunisimamia na kuniambia: panua makalio kwa vidole gumba viwili, tazama kwa macho yako, na kama kuna kinyesi, tafuta kimetokea wapi.

Mlezi anayekuja kituoni

Njia ya pili haina mapambo. Mlezi anafika asubuhi, ananawa mikono, anauliza: nani amejifungua tangu jana? Mnaingia pamoja kwa mama, mnaomba ruhusa, na wewe unakagua huku yeye amesimama upande wa pili wa kitanda. Hakuna projekta wala chai ya saa nne. Somo moja, dakika ishirini au thelathini, kisha kazi inaendelea. Wiki mbili baadaye anarudi na somo lingine, na lile la kwanza linarudiwa.

Tazameni somo moja tu la namna hiyo, niliposimama mimi kama mlezi. Mkunga kijana alihesabu pumzi za mtoto kwa sekunde kumi na tano, akazidisha kwa nne, akapata 76. Kiwango cha juu ni 60, kwa hiyo alikwishafika mlangoni kwenda kuandika rufaa. Nikamwomba arudi, afunue kifua na tumbo lote, asubiri mtoto atulie, ahesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Akapata 52. Akahesabu tena, 54. Mtoto mchanga hupumua mbio kidogo, akasita, akapumua polepole. Ukimkamata kwenye mbio unapata ugonjwa usiokuwepo, ukimkamata kwenye kusita unaukosa uliopo. Tukatazama pamoja kama kifua kinabonyea chini ya mbavu, kama pua inatanuka, kama anaguna anapotoa pumzi. Hakuna hata moja. Mama alikuwa akitutazama muda wote, na ndiye aliyesema kwa sauti ya kushusha mzigo, "Kumbe muko munahesabu." Yule kijana hatahesabu tena kwa sekunde kumi na tano.

Manjano pia yanafundishika hivyo. Kwenye ngozi ya watoto wetu huyaoni kwa kutupia jicho chini ya taa ya umeme. Unampeleka dirishani, unabonyeza ncha ya pua kwa kidole na kuachia, unaangalia rangi inayobaki kabla damu haijarudi, kisha fizi, viganja na nyayo. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika kwenye viganja na nyayo siku yoyote ile, ni ya kupelekwa hospitali bila kungoja kesho. Vivyo hivyo mtoto aliyekosa oksijeni: usitafute ubluu kwenye vidole, fungua kinywa utazame ulimi. Na yale mabaka ya kibluu juu ya makalio, ambayo kitabu cha mgeni kinaweza kukufanya ufikiri mtoto amepigwa, ni ya kuzaliwa nayo na hayana shida.

Kuna faida nyingine ambayo sijaiona ikiandikwa kwenye ripoti za mafunzo, nayo ni lugha. Semina inaendeshwa kwa Kiingereza. Mama aliye mbele yangu anaongea Kiswahili cha Kongo au Kinyankole, na nusu ya ukaguzi ni maneno. Ukifungua kinywa cha mtoto na kukuta vilulu vidogo vyeupe kwenye fizi au kaakaa, vile visivyo na madhara na vinavyokwisha vyenyewe baada ya wiki chache, hapo hapo lazima umwonyeshe mama. Huku kwetu bado wapo watoto wanaokatwa fizi kwa jina la ebino, yaani imani kwamba mtoto ana "meno ya uongo" ya kung'olewa, na wengine huingia hospitali na maambukizi ya damu. Dakika moja ya kueleza, kwa lugha ya mama na bibi aliyekaa pembeni, inaweza kumwokoa mtoto miezi mitano baadaye. Maneno hayo mkunga kijana anayasikia kutoka kwa mlezi, si kutoka kwa picha ukutani.

Sasa ubaya wake. Mlezi akiwa dhaifu, mafunzo yote ni dhaifu, na walezi wazuri ni wachache. Wengine wanageuka wakaguzi wa serikali: wanakuja na fomu, wanaweka alama, wanaondoka, na wakunga wanajifunza kuogopa tu. Siku nyingine anafika na wodi haina mtoto hata mmoja. Na hakuna cheti, jambo ambalo si dogo kwa mkunga anayehitaji kuonyesha mafunzo endelevu anapohuisha leseni yake kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga. Uliza mapema kama masomo ya kituoni yataandikwa na kutiwa saini. Nimeona wakunga wakivunjika moyo kwa sababu hiyo tu, na wana haki.

Udhaifu mkubwa kuliko yote ni wa hesabu. Mguu uliopinda tangu tumboni unatokea kwa karibu mtoto mmoja kati ya 1,000. Kituo kinachozalisha ishirini kwa mwezi kinapata watoto 240 kwa mwaka; mlezi angengoja miaka minne kuonyesha mguu mmoja. Kaakaa lililopasuka, mgongo wazi, mboni yenye weupe, vyote ni nadra vivyo hivyo. Anachoweza mlezi ni kukufundisha mtoto mzima barabara, hadi siku isiyo ya kawaida ikufikie na mikono yako ishtuke kabla ya akili. Kuuona ugonjwa wenyewe ni lazima uende unakokusanyika.

Wiki mbili kwenye wodi ya rufaa

Hiyo ndiyo njia ya tatu, na katika wiki mbili kwenye wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya mkoa mkunga anaona mambo ambayo kituoni kwake yangemchukua miaka kumi. Anajifunza tofauti ya mtoto aliyelala na mtoto aliyelegea. Anaingiza kidole kidogo chenye glovu kinywani na kuhisi kaakaa, kisha anaonyeshwa mtoto ambaye kidole kilipita salama na mpasuko ulikuwa nyuma kabisa, ukaonekana kwa tochi na kijiti cha ulimi peke yake. Anajifunza pia njia za rufaa: kichwa kinachokua haraka au mgongo wazi unapelekwa hospitali ya watoto ya CURE kule Mbale, weupe kwenye mboni unapelekwa kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, tena haraka kwa sababu unaweza kuwa saratani, na mguu uliopinda unanyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa njia ya Ponseti bila upasuaji mkubwa, mradi aanze mapema.

Lakini wodi hizo zimejaa. Nisipoweka masharti, mkunga niliyemtuma anageuzwa mikono ya ziada, anabadilisha shuka na kubeba sampuli maabara kwa siku kumi na nne. Dai kwa maandishi: kila asubuhi mtoto mmoja, akaguliwe na mgeni, asimamiwe na mwenyeji. Na tegemea kwamba wiki za kwanza baada ya kurudi atampa rufaa kila mtoto, kwa kuwa macho yake yamezoea wagonjwa. Hilo hupoa akiwa na mlezi wa kumsawazisha. Kwa kituo chenye wakunga wawili, kumtoa mmoja wiki mbili ni kumwacha mwenzake akifa kwa uchovu, sishauri.

Simu nitaitaja kwa ufupi. Safe Delivery App ya shirika la Maternity Foundation la Denmark ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na video ya mtoto anayeguna au anayebonyea kifua unaweza kuitazama mara kumi usiku wa zamu tulivu. Ni kumbukumbu nzuri sana. Mkono haufundishwi na kioo. Na kozi ndefu, kama shahada ya ukunga ya Chuo Kikuu cha Lira, ni uamuzi wa maisha ya mtu, hauwezi kuwa jibu la mkuu wa kituo anayepanga bajeti ya robo mwaka.

Basi kituo chako ni kipi?

Kama una wakunga wawili au watatu na watoto wasiozidi thelathini kwa mwezi, chukua mlezi, na ziara zake zipangwe asubuhi ya siku ya kliniki ya chanjo, kwa sababu siku hiyo watoto wa siku saba na wa wiki sita wanaletwa wenyewe na hukosi wa kujifunzia. Weka simu yenye video kama kiraka cha usiku. Kama hakuna kabisa mlezi wilayani, nenda semina, ila tuma wawili pamoja hata kama mmoja atalipiwa nauli kutoka mfuko wa kituo. Anayerudi peke yake hana wa kumsahihisha.

Kituo cha ngazi ya nne chenye chumba cha upasuaji na wakunga wengi kinahesabu tofauti. Hapo ningetuma mmoja wodini wiki mbili, kisha yeye awe mlezi wa wenzake, na baadaye wa vituo vidogo vinavyomzunguka. Walezi wachache tunaolalamikia watatoka huko au hawatatoka popote.

Hospitali za mjini, zenye wanafunzi na zamu zinazobadilika kila mwezi, hazina budi kuwa na semina fupi ya kila anayeingia, siku moja inatosha, na mtoto mmoja wa kukaguliwa chini ya usimamizi kila zamu.

Na popote ulipo, kabla ya kusaini, uliza swali hili: kila mkunga atamkagua mtoto hai mara ngapi huku mtu anayejua akimtazama mikono? Semina yangu ya siku tano ilikuwa na jibu la mara moja, tena tukiwa wanane kuzunguka kitanda kimoja. Kituo cha yule bwana, mlezi akija kila wiki mbili kwa miezi sita, kila mkunga anaweza kufika kumi na tatu hivi.

Alinipigia tena Ijumaa. Mlezi anaanza Jumanne, na alitaka kujua atayarishe nini. Nikamwambia: tochi yenye betri mpya, kipimajoto, glovu za kutosha, saa yenye mshale wa sekunde, chumba kifungwe madirisha hadi kipate joto isipokuwa lile moja la mwanga, na pasipoti za mama na mtoto, yaani vitabu vyao vya kliniki, ziwe mezani. Akaandika yote. Kisha akauliza kama na yeye, ambaye si mkunga, anaweza kusimama pale atazame. Nikamwambia anawe mikono, aingie.